Uzito utoke kwenye tunda: mazungumzo kuhusu smuthi ya nyumbani, Uyole, Mbeya

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama na vijana, mugonile. Na ninyi mliotoka Iringa na Njombe, kamwene.

Tumeombwa tuzungumze kuhusu smuthi ya matunda, na tunaanza na lawama. Kinywaji kinachoitwa smuthi katika nyumba nyingi ni juisi iliyotiwa barafu na sukari, basi. Kiache mezani kwa robo saa uone: povu juu, maji katikati, makapi chini. Kinachokifanya kionekane kizito dakika ya kwanza ni barafu iliyosagwa na hewa iliyoingizwa na blenda, na vyote viwili havikai. Smuthi ni tunda lililosagwa na kunywewa pamoja na nyama yake. Uzito wake utoke kwenye tunda lenyewe. Mkilishika hilo, mengine yote tutakayosema leo mnaweza kuyatafuta wenyewe kwa kuonja.

Na sisi wa huku juu hatuna kisingizio. Matunda mawili yanayotoa uzito kuliko mengine yote ni ndizi na parachichi, na yote mawili yanakuja kila siku kutoka Rungwe. Embe na nanasi ndiyo matunda ya joto. Yanatupandia kutoka chini. Kyela kandokando ya Ziwa Nyasa iko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na hapa Mbeya mjini tuko kwenye 1,700 hivi. Kwa hiyo ushauri wetu kwa mfuko wa mtu wa Mbeya ni huu: msingi wa smuthi uwe tunda la Rungwe, na ladha itoke kwa tunda lililosafiri. Embe moja linaweza kutia ladha glasi nne endapo ndizi imebeba uzito. Ukitaka embe libebe kila kitu peke yake, utamaliza fungu zima kwa asubuhi moja.

Yagawanyeni matunda yenu makundi matatu kabla ya kushika kisu. Kuna mazito: ndizi, parachichi, embe lililoiva vizuri, stafeli. Kuna makali: pasheni, nanasi, ndimu, limau. Kuna ya maji: tikiti, chungwa, chenza. Papai lipo katikati, ni laini lakini halina ukali wowote, ndiyo maana papai peke yake linachosha baada ya mikupuo mitatu. Kamulia ndimu uone linavyoamka.

Kipimo. Tunaposema kikombe tunamaanisha robo lita, mililita 250. Kwa glasi mbili: vikombe viwili vya tunda lililokatwakatwa, ambavyo ni kama gramu 300, na robo tatu ya kikombe ya maji, maziwa au mtindi. Katika hilo tunda, sehemu mbili ziwe zito na moja iwe kali. Tunda la maji ukilitumia, lihesabu upande wa maji, usilihesabu upande wa tunda. Hapo ndipo wengi wanapokosea na tikiti: wanakata vipande vikombe viwili, wanaongeza maji kikombe, kisha wanashangaa.

Sasa tukae kidogo kwenye kuiva, maana smuthi huharibikia sokoni na chumbani kabla haijafika kwenye blenda.

Ndizi ya smuthi ni kisukari au mtwike iliyoiva mpaka ganda limeanza madoa ya kahawia. Wakati huo wanga wake mwingi umegeuka sukari. Ndizi ya manjano yenye ncha za kijani bado ina wanga. Itakupa kinywaji kinachokwaruza ulimi, na utaongeza sukari bila sababu. Mzuzu iacheni kwenye kukaanga.

Parachichi huwa haliivi likiwa mtini; huiva baada ya kuchumwa. Hass hugeuka jeusi au zambarau likiiva, lakini aina nyingine nyingi hubaki za kijani hadi mwisho, kwa hiyo rangi isiwadanganye. Bonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba, taratibu: likikubali kidogo, limeiva. Ukibonyeza tumboni unaliachia donda, na hapo ndipo litakapokuwa jeusi. Parachichi bichi ni chungu na hakuna asali itakayolificha.

Nanasi ni kinyume cha parachichi. Likishakatwa shambani haliongezi utamu hata siku moja. Ganda litageuka manjano, nyama italainika, lakini sukari ni ile ile liliyokuja nayo. Linuse chini, upande wa kitako. Likinukia nanasi, nunua. Lisiponukia kitu, limekatwa mapema; likinukia pombe, limeanza kuchacha. Pasheni, hizi za zambarau zinazostawi huku kwetu, chagueni nzito mkononi zenye ganda lililonyauka kidogo. Wanaochagua zile zisizonyauka zinazong'aa wanalipia ukali.

Kuna jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hana haja ya kulijua ila sisi tunalo: baridi. Ndizi na embe ni matunda yasiyopenda baridi, na ndizi ikikaa chini ya nyuzi 13 hivi, inaumia. Ganda linakuwa la kijivu, nyama inabaki ngumu, na hata ukiirudisha kwenye joto haiivi sawasawa. Usiku wa Juni na Julai hapa, sakafu ya saruji karibu na dirisha inafika huko bila friji yoyote. Kwa hiyo chane ya ndizi au maembe mabichi yasilazwe sakafuni. Yaweke kwenye boksi au kapu, funika kwa gunia au kitambaa kizito, weka jikoni mbali na moto lakini upande wenye joto, na ndani yake tia ndizi moja au mbili zilizokwisha kuiva. Tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo huyaamsha mengine. Funika, usizibe kabisa kwa nailoni. Unyevu ukikusanyika, ukungu unaingia kwenye vikonyo. Angalia kila asubuhi. Yakishaiva, hapo sasa friji haina ubaya. Ganda la ndizi litakuwa jeusi lakini ndani iko salama.

Mkiwa na friza, msitengeneze barafu, gandisheni tunda. Hii ndiyo siri ya smuthi nzito isiyokuwa na maji. Menya ndizi kwanza, maana ndizi iliyoganda na ganda lake ni adhabu kuimenya. Kata vipande vya sentimita mbili, vipange kwenye sinia visigusane, gandisha saa nne hadi sita, kisha vitie kwenye mfuko na utoe hewa. Ukivirundika kwenye mfuko vikiwa vibichi, utapata jiwe moja ambalo hakuna blenda ya nyumbani italivunja. Embe ni hivyo hivyo, na ndiyo njia ya kula embe mwezi Mei wakati msimu wake mkubwa ni Novemba hadi Februari. Pasheni chuja juisi uigandishe kwenye vikasha vya barafu.

Asiyetaka baridi, na mwezi wa saba wengi hawataki, aongeze parachichi badala ya tunda lililoganda. Robo ya parachichi la wastani kwa glasi moja inatosha kubeba uzito. Ukifika nusu kwa glasi, unatengeneza mlo, si kinywaji.

Sasa suala la maziwa, ambalo bila shaka kuna mama anataka kuliuliza: kwa nini smuthi ya nanasi na maziwa inakuwa chungu? Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini. Kazi yake ni kukatakata protini, na maziwa yana protini. Ukinywa papo hapo hutagundua. Iache nusu saa, uchungu unakuja na maziwa yanakatika. Papai lina ndugu yake, papaini. Smuthi ya papai na maziwa ikikaa huwa chungu na wakati mwingine inajishika kama jeli. Hakuna aliyekuroga na maziwa hayakuwa mabovu. Mtindi nao hauponi na hilo, unachelewesha tu.

Mna njia tatu. Kunywa ndani ya dakika kumi. Au chemsha vipande vya nanasi kwa dakika tano kwa maji kidogo, viache vipoe. Joto huua kimeng'enya hicho, ingawa harufu ya nanasi bichi inapungua. Kugandisha hakukiui, kunakilaza tu. Njia ya tatu ndiyo tunayoipenda: achana na maziwa, tumia tui la nazi. Protini yake ni ndogo kuliko ya maziwa, kwa hiyo nanasi lina kidogo tu cha kukatakata.

Ukali nao huyakata maziwa mabichi. Juisi ya pasheni au ndimu ikimwagwa kwenye maziwa matupu, inaganda mabonge. Mtindi tayari umeshaganda kwa ukali wake wenyewe, ndiyo maana unakubaliana na pasheni vizuri. Ukiwa na maziwa freshi tu, saga kwanza na ndizi, kisha ukali uingie mwisho, kidogo, kila kitu kikiwa baridi. Na maziwa ya ng'ombe yanayoletwa na ndoo mlangoni yachemsheni kwanza. Smuthi haipikwi, kilichomo kwenye maziwa mabichi, pamoja na vijidudu vya brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata na mtu, kitaingia tumboni kikiwa hai.

Maji vivyo hivyo. Kwa mwinuko wa hapa, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, lakini hiyo bado inaua. Yakianza kutokota kabisa, yaache dakika moja. Ukiwa juu ya mita 2,000, kama vijiji vya Kitulo na milima ya Uporoto, yaache dakika tatu. Tunda lioshwe kabla ya kukatwa, hata lile linalomenywa, maana kisu kinachopita kwenye ganda chafu kinaingiza uchafu ndani. Tikiti na nanasi sugua kwa brashi.

Tuje kwenye blenda. Nyingi tulizo nazo majumbani ni za wati 300 hadi 500. Si mashine ya kuvunja mawe. Mpangilio una maana kubwa: maji au mtindi kwanza, kisha tunda laini, kisha tunda lililoganda juu kabisa. Visu viko chini, na visu vinahitaji kitu kinachotembea ili vivute vya juu. Ukitanguliza vipande vilivyoganda, visu vinachimba shimo la hewa katikati, mota inalia kwa sauti nyembamba na juu hakuna kinachosogea. Ukiisikia sauti hiyo, zima. Chomoa waya. Koroga kwa mwiko, ongeza vijiko viwili vitatu vya maji, rudia. Wanaoendelea kubonyeza wakitumaini itajifungua ndio wanaopeleka blenda kwa fundi.

Jaza jagi theluthi mbili, usizidi. Anza mwendo wa chini kwa kubonyeza na kuachia mara tano sita, kisha mwendo wa juu sekunde 30 hadi 45. Kama bado, pumzisha dakika moja. Zaidi ya hapo unapasha joto, na parachichi lililopashwa joto linaanza uchungu. Ndizi iliyopigwa sana nayo inajaa povu na inawahi kuwa ya kahawia kwa sababu ya hewa. Ukisikia harufu ya mpira unaoungua, acha kabisa kwa robo saa. Umeme ukiwa mdogo, zile jioni taa zinapofifia, usiwashe blenda. Mota inavuta kwa taabu na kuungua. Na kile kipande chenye meno chini ya jagi kikilika, blenda inazunguka bila kusaga. Kinauzwa peke yake, usitupe blenda nzima.

Pasheni isiingie na mbegu kwenye mwendo wa juu. Mbegu zikivunjika zinatoa vumbi jeusi na uchungu. Weka nyama yake kwenye chujio, koroga kwa kijiko mpaka zibaki mbegu kavu. Mtu anayependa mbegu azinyunyize juu mwishoni zikiwa nzima. Chungwa na ndimu toeni mbegu na ule utando mweupe. Ndizi haitafunika uchungu wake. Embe lenye nyuzi, lisage na maji kwanza, lichuje, ndipo uendelee. Dodo lililoiva vizuri kwa kawaida halihitaji hilo.

Hapa kuna michanganyiko mitatu, kila mmoja wa glasi mbili.

Wa kwanza ni wa Rungwe mtupu. Ndizi mtwike mbili zilizoiva, au kisukari nne. Nusu ya parachichi la wastani. Mtindi mililita 150. Maji mililita 100. Kijiko kimoja cha chai cha juisi ya ndimu. Ndimu hiyo si ya ladha peke yake, inachelewesha rangi ya kahawia. Chumvi kidogo sana, ya kushika kwa vidole viwili, inaamsha utamu wa ndizi. Hauhitaji sukari.

Wa pili ni embe na pasheni. Embe lililokatwa gramu 200, yaani kikombe kimoja na theluthi hivi. Ndizi moja iliyoganda. Pasheni nne zilizochujwa, zitakupa mililita 60 hivi. Maji mililita 120. Saga embe, ndizi na maji kwanza, kisha mimina pasheni na ubonyeze mara mbili tu. Onja ndipo ufikirie asali. Kumbukeni ulimi hausikii utamu vizuri kwenye baridi, kwa hiyo ukionja ikiwa vuguvugu ukaona inatosha, ikipoa utaiona kali. Onja katika hali ile ile utakayoinywa. Asali isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Wa tatu, nanasi na tui. Nanasi kikombe kimoja na nusu bila ule moyo mgumu wa katikati, ndizi moja, tui zito la kwanza mililita 60, maji mililita 80, tangawizi mbichi iliyomenywa, kipande cha sentimita moja. Tangawizi ikunwe kwanza, la sivyo utakutana na nyuzi zake kwenye glasi ya mwisho. Usizidishe tui: mafuta yake yakipigwa sana kwenye baridi hujitenga na kuganda vipunje vyeupe juu. Mchanganyiko huu ndio tunaouona bora kuliko yote mitatu, ingawa nazi kwetu ni ya kusafiri.

Rangi nayo iangalieni. Tikiti jekundu na parachichi la kijani vikikutana, mnapata rangi ya tope, na mtoto hatagusa hata kama ni tamu.

Ikitengenezwa, inywewe. Mezani isizidi saa mbili. Kwenye friji, chupa ijazwe hadi mdomoni ili hewa isipate nafasi, ifunikwe, na iishe ndani ya saa 24. Ikijitenga, tikisa, hiyo si dalili ya kuharibika. Kifuniko kikiruka na gesi kutoka, imechacha, mwaga. Iliyoyeyuka isirudishwe kwenye friza.

Neno kwa wenye ugonjwa wa kisukari: tunda lililosagwa hunywewa haraka kuliko linavyotafunwa, na ndizi mbili zinaingia kwa dakika moja. Glasi moja ndogo, bila asali wala sukari, parachichi na mtindi viongezwe, ndizi ipunguzwe, na inywewe pamoja na chakula. Mwenye ugonjwa wa figo aongee na daktari wake kwanza, kwa sababu ndizi na parachichi vina potasiamu nyingi.

Usafi wa jagi mnaudharau. Ukishamimina, hapo hapo tia maji ya vuguvugu nusu jagi na tone la sabuni, washa sekunde 20, mwaga, suuza. Kisha fungua kitako, toa visu na ile pete ya mpira. Chini ya pete hiyo ndipo maziwa ya juzi hujificha na ukungu mweusi huanza. Kama smuthi zenu zina harufu msiyoielewa, anzieni hapo. Kausha vipande vikiwa vimetengana, na msiviunganishe mpaka vikauke.

Umeme ukikatika, mchanganyiko wa kwanza hauhitaji blenda. Ponda ndizi na parachichi kwa uma kwenye bakuli mpaka mabonge yaishe, pitisha kwenye chekecheke kwa mgongo wa kijiko, tia kwenye chupa yenye mdomo mpana pamoja na mtindi, maji na ndimu, funga, tikisa kwa nguvu dakika mbili.

Meza zimepangwa tatu. Ya dirishani ina mtindi na ndizi, ya katikati embe, ya mlangoni nanasi na tui. Jigaweni makundi ya watu watano, osheni mikono kwenye ndoo zile mbili nyuma, na kabla ya kuwasha chochote kila kundi lituonyeshe jagi lake lilivyopangwa, kimiminika kikiwa chini.